Bureti inayoguswa Oktoba pekee ndiyo huwaponza watahiniwa wa Kemia

MTIHANI wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) unaelekea ukingoni. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na kundi la mwisho la watahiniwa, yaani wale walioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023 na kujiunga na Kidato cha Kwanza mapema mwaka uliofuata, linatarajiwa kuufanya mwaka 2027.

Kama ilivyo ada ya kila jambo linalokaribia kwisha, pilkapilka zimeongezeka. Karatasi za majaribio zinauzwa kama njugu, mitihani ya pamoja inafuatana bila ya kumpa mwanafunzi nafasi ya kupumua, na shule zinashindana kutangaza ni ipi iliyomaliza silabasi mapema zaidi.

Katika hekaheka hizo, kuna somo moja ambalo limeendelea kuwatoa watahiniwa jasho, nalo ni Kemia. Kila mtahiniwa hulazimika kufanya angalau masomo mawili ya sayansi, na wengi huchagua Kemia kwa kuwa ndiyo mlango wa udaktari, ufamasia, uuguzi na fani kadha za uhandisi na kilimo. Hata hivyo, kwa miaka mingi wastani wa kitaifa katika somo hili umekuwa chini ya nusu ya alama zote.

Wanafunzi wengi ukiwauliza kiini cha masaibu yao, watakutajia yale majina marefu ya kemia ya kaboni. Kwa maoni yangu, lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Majina hukaririwa, na mwanafunzi wa Kenya ni hodari wa kukariri. Kinachowaangusha wengi ni ile sehemu isiyokaririka, yaani kemia ya kifizikia.

Tawi hili halimwulizi mtahiniwa kitu fulani kinaitwaje au kina rangi gani. Linamwuliza ni kiasi gani, kwa kasi gani, kimetoa joto kadiri gani na mmenyuko utakomea wapi. Ndani yake mna hesabu za moli, sheria za gesi, mabadiliko ya nishati, kasi ya mimenyuko, matumizi ya umeme katika kutenganisha kemikali, na miale ya nyuklia.

Maswali yake yametapakaa katika karatasi zote tatu za mtihani. Karatasi ya kwanza na ya pili, za nadharia, huchukua saa mbili na kubeba alama 80 kila moja. Ya tatu, ambayo ni ya vitendo, huchukua saa mbili na robo na kubeba alama 40.

Sasa tazama jinsi mada hizo zilivyopangwa. Sheria za gesi na hesabu za moli hufunzwa katika Kidato cha Tatu. Nishati, kasi ya mimenyuko, umeme na miale zote zimerundikwa katika Kidato cha Nne, mwaka ambao shule nyingi hukimbiza silabasi ili muhula wa pili ukiisha, kazi ibakie kuwa ya kudurusu tu. Hivyo basi, mada zinazodai utulivu mkubwa zaidi ndizo zinazofunzwa kwa pupa kubwa zaidi. Mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mfano mmoja, hutoa zoezi na kusonga mbele.

Athari za mtindo huu huonekana wazi katika karatasi ya tatu. Tuchukue zoezi ambalo limekuwa desturi ya miaka mingi, la kupima ni ujazo gani wa asidi unaohitajika ili kumaliza nguvu ya alkali iliyomo katika chupa. Mtahiniwa hupima sentimita 25 za ujazo wa alkali kwa pipeti, hutia matone machache ya kiashiria, kisha huiachilia asidi kutoka kwa bureti hadi rangi ibadilike. Hurudia mara tatu na kujaza jedwali.

Kwa kawaida jedwali hilo pekee hubeba alama tano, kabla ya hesabu yoyote. Moja ni ya kulijaza lote bila ya kukosea kutoa. Nyingine ni ya kuandika desimali kwa namna moja kote. Ya tatu ni ya usahihi wa kipimo, ya nne ni ya kujua ni vipimo vipi vinavyofaa kutafutiwa wastani, na ya tano ni ya usahihi wa wastani wenyewe.

Usahihi huo haulinganishwi na jibu lililoandaliwa jijini Nairobi. Hulinganishwa na kipimo alichokipata mwalimu wa shule hiyo kwa kutumia kemikali zizo hizo walizopewa wanafunzi wake. Mtahiniwa akitofautiana na mwalimu kwa sentimita 0.1 ya ujazo au chini ya hapo, hupata alama nzima. Akizidi hapo lakini asipite 0.2, huambulia nusu. Akipita, hapati kitu.

Msomaji ambaye hajawahi kuishika bureti huenda asitambue uzito wa tarakimu hizo. Tone moja la bureti huwa na takriban sentimita 0.05 ya ujazo. Kwa hivyo, alama nzima ni tofauti ya matone mawili, na matone manne yakipita mtahiniwa ameshaondoka mikono mitupu.

Hakuna kitabu kinachoweza kumfunza mwanafunzi kulifunga bomba la bureti kwa tone moja. Wala hakuna karatasi ya majaribio itakayomzoesha kuinamisha kichwa hadi jicho lilingane na upinde wa maji, au kukumbuka kuondoa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma kipimo. Haya ni mazoea ya mkono na jicho, na mazoea hayo hujengwa kwa miezi.

Ajabu ni kwamba katika shule nyingi, maabara hufunguliwa kwa dhati mara moja tu, pale waraka wa siri wa Baraza la Mitihani ya Kitaifa (KNEC) unapowasili.

Waraka huo huwa na sababu njema. Baraza huutuma kabla ya mtihani ili kila shule ijue ni kemikali zipi zitayarishwe, kwa nguvu gani na kwa kiasi gani kwa kila mtahiniwa. Lakini kuna walimu wanaousoma kama mpiga ramli asomavyo bao lake. Wakiona thiosalfeti ya sodiamu, asidi ya haidrokloriki na saa ya kuhesabia sekunde, wanajua ni kasi ya mmenyuko. Wakiona kipimajoto na kikombe cha plastiki, wanajua ni nishati. Hapo ndipo wanafunzi hukusanywa usiku na mchana kufanyishwa zoezi moja hilo hadi walote.

Licha ya kwamba tabia hiyo ni udanganyifu, haina faida inayodhaniwa. Vifaa vile vile vya thiosalfeti vinaweza kutumiwa kuuliza athari ya joto au athari ya nguvu ya kemikali, na grafu zake hazifanani. Mwanafunzi aliyekaririshwa moja huchora hiyo hiyo aliyoizoea, hata kama swali limetaka nyingine. Watahini hawakuzaliwa jana.

Zoezi hilo la thiosalfeti, kwa kweli, ni mojawapo ya yale ambayo shule maskini ingeweza kuyafanya kila mwezi. Huchorwa alama ya msalaba kwenye karatasi nyeupe, chombo cha kioo kikawekwa juu yake, kemikali mbili zikachanganywa, na mwanafunzi akahesabu sekunde hadi chembe za salfa zinazojitokeza ziufiche msalaba usionekane. Saa ya simu ya mwalimu inatosha. Kinachofuata ni kugawanya moja kwa muda huo na kuchora grafu, kazi ambayo inahitaji penseli, rula na akili iliyotulia.

Grafu zenyewe ni mgodi wa alama unaochimbwa na wachache. Mtahiniwa huchagua kipimo kinachoibana grafu yote katika kona moja ya karatasi, hukosa kuandika vizio kwenye mihimili, au huunganisha nukta moja moja kama mtoto anayechora milima, ilhali swali lilihitaji mstari mmoja ulionyooka unaopita katikati ya nukta hizo. Makosa haya hayana uhusiano wowote na ukosefu wa maabara. Yanaweza kurekebishwa darasani, hata chini ya mwembe, na mwalimu asiye na chochote ila chaki.

Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu. Tuseme sentimita 50 za ujazo wa asidi ya haidrokloriki yenye moli 1 kwa lita zimechanganywa na sentimita 50 za haidroksaidi ya sodiamu yenye nguvu iyo hiyo, na joto likapanda kwa nyuzi 6.5. Joto lililotolewa ni uzani wa maji mara 4.2 mara 6.5.

Uzani ni upi? Wengi huandika gramu 50, wakisahau kwamba vimiminiko viwili vimekutana na sasa kuna gramu 100. Jibu sahihi ni jouli 2,730, yaani kilojouli 2.73. Wengine hukomea hapo, na kumbe swali liliuliza joto la moli moja. Moli zilizoshiriki ni 0.05, kwa hivyo 2.73 hugawanywa kwa 0.05 na kupata kilojouli 54.6. Kisha kuna ile alama ndogo ya kutoa inayotangulizwa kuonyesha kwamba joto limetoka nje. Bila ya alama hiyo, jibu halijakamilika.

Mwanafunzi aliyewahi kulifanya zoezi hili kwa mikono yake ana faida nyingine. Akiulizwa kwa nini jibu lake ni dogo kuliko kilojouli 57 hivi zilizomo vitabuni, hahitaji kukumbuka sentensi ya mwalimu. Alihisi kikombe kikipata joto kiganjani. Anajua joto lililopotea lilikwenda wapi.

Hali kadhalika katika umeme. Mkondo wa ampea 2 ukipita katika myeyusho wa salfeti ya shaba kwa sekunde 965, chaji yake ni kulombu 1,930. Kwa kuwa moli moja ya elektroni hubeba kulombu 96,500, hiyo ni moli 0.02. Kila chembe ya shaba hudai elektroni mbili, hivyo shaba itakayoganda ni moli 0.01, au gramu 0.635. Hatua ni nne, na hakuna inayozidi hesabu za shule ya msingi. Anayeshindwa kwa kawaida hushindwa na ile hatua ya tatu, kwa kuwa alikariri kanuni bila ya kuelewa ni nini kinachohesabiwa.

Kwa hivyo, kuna alama ambazo mtahiniwa hupoteza kwa kukosa mafunzo yanayofaa, na hizo shule yoyote inaweza kuziokoa. Lakini kuna zile zinazopotea kwa sababu ya umaskini wa shule, na hizo haifai kumtwika mtoto.

Shule nyingi za kutwa zilichipuka baada ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge (CDF) kuanzishwa mwaka 2003, na hasa baada ya serikali kuanza kugharamia karo ya shule za upili za kutwa mwaka 2008 kwa Sh10,265 kwa kila mwanafunzi. Madarasa yalijengwa kwa kasi ya kupendeza. Maabara, ambayo hudai mabomba ya maji, gesi, meza maalumu na kabati za kemikali, ilibaki kuwa ahadi ya awamu ijayo.

Mgao huo uliongezwa hadi Sh22,244 mwaka 2018. Lakini mnamo Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya wabunge kwamba serikali haiwezi tena kukimudu kiwango hicho kwa ukamilifu. Mwalimu mkuu anapopokea pungufu, na tena kwa kuchelewa, kinachotangulia kukatwa si chakula wala mshahara wa bawabu. Ni kemikali, na ni fundi wa maabara, ambaye aghalabu huajiriwa na bodi ya shule badala ya Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC).

Fundi huyo ndiye hutayarisha myeyusho ambao vipimo vya mwalimu na vya watahiniwa vyote huutegemea. Akiondoka, kazi hiyo humwangukia mwalimu ambaye pengine ana vipindi vya madarasa manne.

Katika shule ya namna hiyo, bureti kumi huhudumia wanafunzi sitini. Siku ya zoezi, watoto sita huizunguka meza moja. Mmoja, ambaye kwa kawaida ndiye mwerevu wao, hushika bureti. Wa pili huandika. Wanne waliobaki hunakili. Siku ya mtihani, kila mmoja wao atasimama peke yake mbele ya bureti yake, baadhi yao wakiwa wamefungiwa mahali kusubiri zamu kwa kuwa vifaa havitoshi wote kwa mpigo. Wanne hao wanakutana na chombo hicho kwa mara ya kwanza, na saa inahesabu.

Sitaki kudai kwamba fedha hazipo kabisa. Kuna shule ambazo zimenunua basi jipya, likapakwa rangi na kuandikwa wito wa shule ubavuni, ilhali pipeti katika maabara zake zimevunjika midomo. Wazazi hulichangia basi bila ya kunung'unika kwa kuwa linaonekana barabarani. Bureti haionekani barabarani.

Mwalimu naye asijifiche nyuma ya uhaba. Tangu mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi ulipoanzishwa mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, walimu wa Kenya wamefunzwa jinsi ya kubuni vifaa kutokana na vitu vilivyo karibu nao. Bomba la sindano la hospitali lililo safi na lisilo na ncha linaweza kupima ujazo. Siki na magadi ya kuokea huweza kufanyiwa zoezi la kasi ya mmenyuko. Matone ya kemikali katika vyombo vidogo hufunza kanuni ile ile inayofunzwa kwa lita nzima. Mafunzo yalitolewa, na ni nadra kuyaona yakitumika, kwa sababu mkaguzi wa mwalimu siku hizi ni wastani wa alama za mitihani ya majaribio.

Pengo hili ndilo hutajirisha wauza karatasi. Mtahiniwa asiyejiamini mbele ya bureti ndiye mteja wa yule mlaghai wa mtandao wa Telegram anayeahidi karatasi ya kesho kwa mia chache. Katika miaka ya karibuni polisi wamewatia mbaroni watu kadhaa kwa biashara hiyo, na karatasi zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa ghushi mara nyingi.

Tumewahi kuonja uchungu wa njia hiyo. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE ya mwaka 2015 yalifutwa, na Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa. Mitihani ilipolindwa vilivyo mwaka huo, waliopata gredi ya A nchini kote walikuwa 141, kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia. Mjadala kuhusu jinsi karatasi zilivyosahihishwa mwaka huo haujaisha hadi leo, lakini hakuna aliyebakia na shaka kwamba kulikuwa na alama nyingi za bandia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu au cha Nne anayeyasoma haya afanyeje basi? Aanze na moli, kwa kuwa asiyezijua moli hana pa kuingilia katika nishati wala umeme. Afanye hesabu kidogo kila siku badala ya kuzirundika Jumamosi nzima, na kila mara aandike vizio. Achore grafu moja kwa wiki na kumpa mwenzake aikosoe. Amsumbue mwalimu kwa adabu hadi apate zamu yake ya kushika bureti, hasa yule aliyezoea kunakili. Asome maswali ya miaka iliyopita ili ajue yanavyoulizwa, bali asiyakariri majibu yake.

Mwalimu mkuu naye anaweza kupanga ratiba ya vitendo kuanzia muhula wa kwanza wa Kidato cha Tatu, akaitenga siku moja ya wiki ambapo maabara haitumiwi kuwa darasa la kawaida wala ghala la madawati yaliyovunjika. Shule jirani zinaweza kuazimana vifaa kama zinavyoazimana viwanja vya kandanda. KNEC kwa upande wake ingefanya hisani kama ripoti zake kuhusu makosa ya watahiniwa zingemfikia kila mwalimu wa somo mapema, kwa lugha nyepesi, ili asitegemee muhtasari anaosimuliwa katika makongamano ya kulipia.

Haya yote yanawahusu hata wale ambao hawataugusa mtihani wa KCSE. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu Januari 2026, na Wizara ya Elimu ilikuwa imekadiria kwamba takriban asilimia 60 wangefuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtaala wao unasisitiza umilisi, yaani uwezo wa kutenda. Shule nyingi walizopelekwa ni zile zile za kutwa zilizotajwa hapo juu, na kundi la mwisho la KCSE litakapoondoka mwaka 2027, bureti watakazoachiwa ni hizo kumi.